Sura ya jalada na jina la jalada

"Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Langoni, Lamu. Binti yangu mkubwa ana miaka 19, mrefu, mwembamba, na tangu mdogo watu humsifu sura. Msimu uliopita walikuja wageni kupiga picha za nguo kule Shela. Mmoja akamwomba asimame mlangoni pa nyumba ya zamani akiwa amevaa nguo zao. Nguo zilikuwa za heshima, nikakubali. Mpiga picha akamwambia ana sura ya jalada la jarida. Tangu siku hiyo hana neno lingine. Amepata nafasi ya chuo Kilifi, hataki kwenda. Rafiki zake wamemwambia siku hizi majarida hayaweki wanamitindo mbele, huweka watu mashuhuri tu, kwa hiyo lazima kwanza apate wafuasi wengi mtandaoni. Sasa anashinda na simu, na chakula cha usiku hali tena. Kuna mtu wa Mombasa anayesema ni wakala. Ataka shilingi 35,000 amtengenezee albamu ya picha na kuipeleka kwa majarida. Je, ni kweli mwanamitindo hana nafasi tena bila umaarufu? Nimlipe huyu mtu? Na zile picha za Shela, yule mgeni anaweza kuzitumia atakavyo?"

Waalaikum salaam, dada. Umeuliza maswali matatu, lakini naona hofu yako ni moja: mwanao ameachilia kitu kilicho mkononi, nafasi ya chuo, anafuata kitu ambacho hakuna mtu nyumbani anayejua hupatikana vipi. Nitakueleza hupatikana vipi. Kabla ya kurudi Malindi nilifanya kazi Nairobi kwa miaka mingi, nikichagua picha za majarida, na nimekaa kwenye vikao ambapo jalada huamuliwa.

La pesa nalijibu kwanza ili ulale: usimlipe. Mtu huyo tutarudi kwake.

Sasa wale rafiki zake. Walichomwambia ni nusu ya ukweli. Jarida la mitindo la Vogue lilianza New York mwaka 1892, na kwa miongo minne majalada yake yalikuwa ya kuchorwa kwa mkono. Picha ya kwanza ya rangi ilitoka kwenye jalada lake Julai 1932. Kwa muda mrefu baada ya hapo, aliyewekwa mbele mara nyingi alikuwa mwanamitindo, mtu ambaye msomaji aliizoea sura yake bila kulijua jina lake. Kazi yake ilikuwa kuibeba nguo. Januari 1990, Vogue ya Uingereza iliwaweka watano pamoja, Naomi Campbell, Linda Evangelista, Tatjana Patitz, Christy Turlington na Cindy Crawford, na wakati huo wanamitindo wakawa na majina yanayotajwa mitaani kama ya waimbaji.

Lakini upepo ulikuwa umeshaanza kugeuka. Anna Wintour alishika uhariri wa Vogue ya Marekani mwaka 1988. Jalada lake la kwanza, la Novemba mwaka huo, lilikuwa la mwanamitindo, Michaela Bercu. Miezi sita baadaye, Mei 1989, alimweka mwimbaji Madonna. Mwaka 1994 likaanzishwa jarida la InStyle, ambalo tangu siku ya kwanza lilisimama juu ya watu mashuhuri na mavazi yao. Mwaka 1998, Vogue ya Marekani ilimweka Oprah Winfrey mwezi wa Oktoba na Hillary Clinton mwezi wa Disemba: mmoja mtangazaji, mwingine mke wa rais. Kufika Septemba 2004, jarida hilohilo lilipoweka wanamitindo tisa kwenye jalada moja, watu walilizungumza kama jambo geni. Wanamitindo kwenye jalada la jarida la mitindo, na watu wanashangaa.

Kwa nini ikawa hivyo? Simama siku moja karibu na muuza magazeti uangalie macho ya wapitao. Mtu ana haraka. Sura asiyoijua humwambia jambo moja tu: hapa pana nguo. Sura anayoijua humwambia mna habari ndani. Ameolewa, ameachwa, amejifungua, filamu yake iko njiani. Mguu husimama penye habari. Wahariri waliliona hilo kwenye hesabu za mauzo mwezi baada ya mwezi, na hesabu ikawashinda nguvu.

Jambo la pili wasomaji hawalioni kabisa. Jarida kubwa la mitindo haliishi kwa bei inayoandikwa pembeni mwa jalada. Linaishi kwa matangazo. Na staa anapokuja kupigwa picha, haji peke yake. Ana msemaji wake, anayetaka picha itoke mwezi ule ule filamu inapotoka. Mara nyingi ana mkataba na nyumba fulani ya mitindo, na nyumba hiyo inataka nguo yake ionekane, nayo ndiyo iliyonunua kurasa za matangazo ndani. Kwa hiyo jalada huwa makubaliano ya watu watatu au wanne, yanayojadiliwa miezi kadhaa kabla ya kamera kufunguliwa. Staa anakaa mezani kama mshirika. Mwanamitindo huitwa meza ikishakunjwa, alipwe siku yake, aende.

Mfano wa karibu yetu ni Lupita Nyong'o. Alipata tuzo ya Oscar Machi 2014, na Julai mwaka huo akawa kwenye jalada la Vogue ya Marekani. Ukitazama haraka utasema jalada lilimfanya Lupita. Ukitazama tarehe utaona tuzo ilitangulia, na kabla ya tuzo alikuwa amemaliza masomo ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Jalada lilikuja kuchota maji kwenye kisima alichokwisha kukichimba. Mwambie binti yako tarehe hizo, lakini usimwambie kwa sauti ya kumkemea. Zinajieleza zenyewe.

Mfano mwingine ni wa hapa hapa Malindi. Januari 2021, wizara ya utalii ilimteua Naomi Campbell, ambaye mji huu umemzoea kwa miaka mingi, awe balozi wa kimataifa wa utalii wa Kenya. Wakenya wengi walichukizwa, wakauliza mbona si Lupita. Mimi nilifuata ule mjadala kwa makini, na lililonigusa ni kwamba karibu kila mtu alikuwa akibishana juu ya majina mawili makubwa. Sikusikia watu wakiuliza mbona si msichana wa Watamu asiyejulikana na mtu, mwenye sura nzuri na anayeijua bahari. Wizara ilipiga hesabu ile ile wanayopiga wahariri, na wananchi waliokasirika nao walikuwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Ndivyo umaarufu unavyofanya kazi, hata miongoni mwetu tusiouza majarida.

Basi je, mwanamitindo amekwisha? La. Hapa ndipo rafiki zake walipokosea, na wamekosea pakubwa. Kwanza, majalada ya wanamitindo hayajafa. Februari 2022, Vogue ya Uingereza iliweka mbele wanamitindo tisa wenye asili ya Afrika, akiwemo Adut Akech. Huyu ni mzaliwa wa Sudan Kusini ambaye sehemu ya utoto wake ilikuwa katika kambi ya Kakuma, kule Turkana, kabla ya familia yake kuhamia Australia. Hakuanza na jeshi la wafuasi. Alianza kwa kutembea jukwaani, na mwaka 2016 alikuwa Paris akitembea katika onyesho la nyumba ya mitindo ya Saint Laurent.

Pili, na hili ndilo ningependa alielewe kuliko yote, kazi ya mwanamitindo haiko kwenye jalada. Iko kurasa za ndani, kwenye matangazo, kwenye tovuti za maduka ya nguo, kwenye chumba cha mbunifu ambako nguo hujaribiwa mwilini mwa mtu saa nne mfululizo. Kurasa za majarida, jalada likiwemo, zinajulikana kwa kulipa kidogo, hata kwenye majarida yenye jina. Wenye majarida wanajua kila mtu anautaka ukurasa huo, basi hawana haja ya kuulipia sana. Chakula kiko kwenye matangazo. Malaika Firth, aliyezaliwa Mombasa na kukulia Uingereza, alizungumzwa sana mwaka 2013 kwa sababu ya tangazo la nyumba ya mitindo ya Prada. Magazeti yalihesabu miaka karibu ishirini tangu Prada imtumie mwanamitindo mweusi, na wa mwisho alikuwa Naomi. Lilikuwa tangazo, halikuwa jalada. Wahenga wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa, na mtu wa Lamu aliyewahi kupita Matondoni akaona jahazi likipigwa kalafati hahitaji kuelezwa zaidi.

Turudi kwenye wafuasi. Septemba 2014 Vogue ya Marekani iliweka tena wanamitindo tisa mbele, na safari hii iliwatangaza kama wasichana wa Instagramu. Nadhani wazo la rafiki zake limetoka kwenye zama hizo. Ni kweli kwamba mwanamitindo mwenye wafuasi wengi hupata kazi fulani kwa urahisi. Lakini wale tisa walikuwa tayari wanamitindo wa kazi, wafuasi waliwakuta kazini. Kutafuta wafuasi kwanza ili jalada lije baadaye ni kuifuata njia kinyumenyume. Kuna biashara nyingine kabisa, ya kupigia debe bidhaa mtandaoni, na wapo wasichana wa Pwani wanaojikimu kwayo. Ni kazi halali. Ina ujuzi wake: kuandika, kuhesabu, kujua mteja ni nani, kusema na wenye maduka. Mfuasi aliye Brazil anayempenda binti yako kwa macho yake mazuri hatanunua dera dukani Mombasa, na mwenye duka anayajua hayo. Kama anaitaka kazi hiyo, aifanye kama kazi. Kushinda na simu akisubiri namba ipande si kazi hiyo.

Hukuniuliza habari ya stara, lakini nimeisoma kati ya mistari, pale uliposema nguo zilikuwa za heshima. Nenda kamsimulie habari za Halima Aden. Msichana wa Kisomali, aliyezaliwa Kakuma, akakulia Marekani. Alivaa hijabu kazini, na mkataba wake na wakala ulilitaja jambo hilo. Mei 2018 alikuwa miongoni mwa wanamitindo kwenye jalada la Vogue ya Uingereza, wa kwanza kuonekana hapo na hijabu. Mwaka 2019 akapigwa picha kwa jarida la michezo la Marekani, Sports Illustrated, akiwa na vazi la kuogelea la kufunika mwili, na picha hizo zilipigwa Watamu, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandikia. Novemba 2020 akatangaza kwamba anaacha kazi hiyo kwa namna alivyokuwa akiifanya. Alieleza jinsi masharti yake yalivyokuwa yakipunguzwa kidogo kidogo, mpaka katika tangazo moja alivikwa suruali za jinzi kichwani mahali pa mtandio. Simulizi hii ina pande mbili na naomba umpe zote. Njia ipo kwa msichana mwenye stara, na mkataba unaweza kuilinda. Pia hata aliyefika juu kabisa, mwenye masharti yaliyoandikwa, aliona yanamponyoka. Binti yako akiingia, aingie akijua mstari wake uko wapi, na awe na ruhusa ya moyo ya kuondoka.

Chakula cha usiku ndicho kilichonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Mpiga picha akimwambia msichana ana sura ya jalada, msichana husikia: usiongeze hata ratili moja. Ulimwengu wa mitindo wenyewe umekiri madhara haya. Mwaka 2017 Ufaransa ilianza kudai cheti cha daktari kabla mwanamitindo hajafanya kazi, na mwaka huo huo makampuni makubwa mawili ya huko, LVMH na Kering, yakatangaza kwamba yataacha kutumia wanawake wa saizi ndogo kupindukia. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, si mbele ya wadogo zake. Kama hedhi imekatika, kama anapata kizunguzungu, kama anajificha wakati wa kula au anajitapisha, usingoje. Mpeleke Hospitali ya King Fahd aonwe na daktari, na useme wazi kwamba unashuku anajinyima chakula, maana wasichana wenyewe mara nyingi husema wana vidonda vya tumbo.

Kuhusu picha za Shela. Mna haki mbili zinazokaa ndani ya picha moja, na watu huzichanganya. Picha kama kazi kwa kawaida ni mali ya aliyeipiga au kampuni iliyomwajiri. Sura iliyomo ni ya binti yako, na hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu sura kuwa taarifa binafsi ya mtu. Kuitumia kibiashara kunahitaji ridhaa yake. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini klabu ya starehe iliyoweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule iliyotumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo si jambo la karatasini tu. Swali ni je, alitia saini chochote siku ile? Karatasi fupi, au kidole kwenye skrini ya simu? Akumbuke vizuri. Kama alisaini, muombe mpiga picha nakala: imeandikwa picha zitumike wapi, kwa muda gani, na nani? Na jambo moja la kukukera kidogo, dada: ana miaka 19. Ridhaa yako ya siku ile ilikuwa baraka ya mama, lakini kisheria mwenye kukubali au kukataa ni yeye. Barua kwa mpiga picha na kwa kampuni ya nguo iandikwe kwa jina lake. Wasipojibu, au mkiona picha zake kwenye tangazo msilolijua, hapo tafuteni wakili mkae naye ana kwa ana, na malalamiko yapelekwe kwa Kamishna.

Sasa afanye nini? Nisingependa umwambie amalize chuo kwanza, miaka minne, kisha ndipo ajaribu. Kwenye majukwaa huanza wakiwa wadogo, na akifika 23 bila kujaribu atakuwa na haki ya kukulaumu. Aende Kilifi, na ajaribu akiwa Kilifi. Chuo na kazi haviko mbali hivyo. Kilifi iko kati ya Mombasa na Malindi, karibu zaidi na kazi kuliko Langoni. Mpimeni urefu ukutani bila viatu. Kwa jukwaa, mawakala wengi huanzia kwenye sentimita 175 hivi. Kama hafiki, matangazo na katalogi hazishiki sana namba hiyo. Kisha mpigeni picha nne kwa simu, asubuhi, karibu na dirisha: uso kwa mbele, uso kwa upande, mwili mzima kwa mbele, mwili mzima kwa upande. Nguo ya kawaida ya rangi moja, hakuna wanja wala poda. Kama atafanya kazi na mtandio, apigwe na mtandio na aseme hivyo kwenye mstari wa kwanza wa barua. Wakala wa kweli anataka kuona ngozi, mifupa ya uso na kimo, na hayo yanaonekana bila albamu. Atume kwa mawakala kadhaa wa Nairobi. Kutuma ni bure. Wakinyamaza, hilo nalo ni jibu, hata kama linauma, na litamkuta akiwa na darasa la kuingia Jumatatu.

Mumuulize pia swali ambalo mimi huwauliza wasichana wanaonijia: siku ile ya Shela, ni nini kilikusisimua? Kuonekana, au ile kazi yenyewe, nguo zinavyobanwa kwa pini nyuma, mwanga unavyosubiriwa, mtu anavyopanga kilemba? Nyuma ya ile kamera walikuwepo mvalishaji, mpambaji na anayechagua picha. Wengine hugundua walichokitamani kiko upande ule. Mimi niligundua hivyo.

Na huyu mtu wa Mombasa. Wakala wa kweli hula kwenye kazi: hukata kamisheni, mara nyingi karibu sehemu moja ya tano ya malipo, baada ya kazi kupatikana. Anayetaka fedha kabla ya kazi, biashara yake ni wewe. Tena majarida makubwa hayanunui sura kutoka kwa mtu mwenye albamu mkononi, kama ulivyoona hapo juu jalada linavyopatikana. Ikitokea akabadilisha maneno, akasema basi kuna kazi Dubai au Doha na ataka pasipoti ya binti ashughulikie safari, usibishane naye. Msimpe pasipoti. Hifadhini ujumbe wote, mwende kituo cha polisi mkaeleze, na mwulizie kampuni yake kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira kama imesajiliwa kupeleka watu nje. Usafirishaji haramu wa watu ni kosa kwa sheria ya mwaka 2010, na huanza kwa maneno matamu kama haya.

Leo mtumie ujumbe huu, kama ulivyo: "Ahsante kwa nia yako. Hatutalipa kitu chochote kabla ya kazi. Ukipata kazi yenye mkataba wa maandishi, tutumie mkataba huo tuusome na wakili wetu, na kamisheni yako utakata hapo." Akijibu kwa mkataba, niandikie tena, nitausoma pamoja nanyi.